Daftari la Mahudhurio

Ninalo daftari la jalada gumu ambalo kona zake zimeliwa na mende. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya Februari 1979. Ndani yake mna majina na alama za vema: nani amefika mazoezini, nani hakufika, kwa sababu gani. "Malaria." "Amefiwa, yuko Mkuranga." "Hakutoa sababu." Mwandiko ni wa kiongozi wetu wa bendi, ambaye Mungu amrehemu alikuwa akiandika kwa kalamu ya wino wa bluu hata miaka ile ya kukosa kila kitu, na hakuna aliyejua wino anautoa wapi.

Siku moja mwaka 1992 daftari hili liliwekwa juu ya meza ya mkutano, mbele ya wakubwa wa shirika, liwe utetezi wetu. Nilikuwepo chumbani. Watu wanne tulioingia siku ile upande wa bendi, nimebaki mimi peke yangu, na vijana wanaoniuliza kwa nini siku hizi ni shida kumpata mpuliza tarumbeta wa dansi hapa mjini hawajui kwamba jibu lilianzia katika vyumba vya namna ile.

Shirika sitalitaja. Lilishakufa, na waliokuwa wakuu wake wengi wametangulia mbele za haki. Lilikuwa shirika la umma lenye makao Dar es Salaam, lenye kazi yake ya kusafirisha mizigo, na pembeni lilikuwa na bendi ya muziki wa dansi. Kijana wa leo akisikia hivyo anashangaa. Enzi zetu lilikuwa jambo la kawaida. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu katikati ya miaka ya 1960, na chama kilipobadili jina kuwa JUWATA, kisha OTTU, bendi nayo ilibadili jina pamoja nacho. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mabasi ya Dar es Salaam yalikuwa na UDA Jazz. Jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, JKT ilikuwa na Kimulimuli, polisi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi. Kampuni ile ilipoanguka mwaka 1983, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaiokota bendi na kuendelea nayo. Isingeokotwa, sijui nyimbo ngapi ambazo leo kila mtu anaziita zilipendwa zisingetungwa.

Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Gitaa la solo, la rizimu, la besi, ngoma, tumba, saksafoni, tarumbeta, vipaza sauti, vyote vilikuwa na namba za mali ya shirika. Mwanamuziki naye alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, likizo, na matibabu. Kiingilio cha mlangoni kilikwenda kwa mwenye bendi, na wanamuziki wakapata kifuta jasho juu ya mshahara pale ukumbi ulipojaa.

Mimi niliajiriwa kama tarishi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, vita vya Kagera vilikuwa vinaendelea, na kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili kutoka ghorofa moja kwenda nyingine. Nyuma ya ofisi palikuwa na ghala lililohamishwa mizigo, na humo ndimo bendi ilimofanyia mazoezi, Jumanne hadi Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Nilizoea kusimama mlangoni na mafaili kwapani. Shuleni nilikuwa nimepiga filimbi katika gwaride, basi. Siku moja kiongozi akaniita.

"Kijana, hayo mafaili hayangojwi huko?"

"Yanangojwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kayapeleke, kisha urudi."

Niliporudi alinikabidhi tarumbeta. Ninaikumbuka kuliko ninavyokumbuka uso wangu wa wakati ule. Rangi yake ya dhahabu ilikuwa imetoka pale mkono unaposhika, chuma kikabaki cheupe. Chini ya mdomo wake mpana palikuwa na kibonyeo, na juu ya kibonyeo mtu alikuwa ameandika namba ya mali kwa rangi nyeupe ya mafuta. Kitufe cha kumwagia mate kilikuwa kimekatika spring, kikafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Aliyekuwa akiipiga alikuwa amehamia bendi nyingine, kama wanamuziki wa siku zile walivyokuwa wakihama kila bendi mpya inapozaliwa.

"Miezi sita hupandi jukwaani," akaniambia. "Unapuliza noti moja mpaka ikae. Mshahara utaupata huo huo wa tarishi. Nimeshasema na utumishi."

Na kweli alikuwa amesema nao. Kwa miezi sita nililipwa na shirika la umma, kima cha chini, ili nijifunze kupuliza noti moja. Wiki za mwanzo midomo ilivimba nikashindwa kula mchuzi wenye pilipili. Kifua kiliuma. Nilikuwa nakaa kwenye kona ya ghala nikiangalia ukuta, maana kiongozi alisema anayetazama watu anapuliza kwa macho. Mwezi wa nne sauti ikaanza kukaa, mwezi wa tano nikapewa mstari mmoja wa wimbo, na mwezi wa saba nikapanda jukwaani Jumapili mchana, kwenye bugi, nikiwa nyuma ya saksafoni mbili zilizonificha. Daftari linaonyesha hayo yote kwa vema ndogondogo. Ninaposema kwamba serikali inapaswa kuzilipia sanaa, hii miezi sita ndiyo ninayoisemea. Mtu akishaweza, watu watamlipa mlangoni. Lakini asiyeweza bado, anayesimama akitazama ukuta na kuwakera majirani, nani atakata tiketi kumsikiliza?

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, fedha za kigeni hazikupatikana, na nyuzi za gitaa hazikuwa katika orodha ya mahitaji muhimu ya mtu yeyote isipokuwa sisi. Mpiga besi wetu alikuwa akizivua nyuzi zake kila baada ya wiki kadhaa, anazikunja duara, anazitia kwenye sufuria ya maji na kipande cha sabuni ya mche, anazichemsha juu ya jiko la mkaa mpaka maji yanakuwa meusi kwa jasho na kutu. Kisha anazitundika kwenye msumari zikauke. Zikitoka hapo zinalia vizuri kwa siku mbili tatu, halafu zinaanza tena kuwa butu. Seti mpya ilipokuja ilikuja kwa sababu shirika lilikuwa na kibali cha kuagiza vipuri, na mtu wa manunuzi aliyependa muziki akaiingiza humo. Ndiyo maana bendi nyingi za watu binafsi zilipata taabu kubwa zaidi yetu miaka ile. Pesa wangeweza kuwa nayo. Kibali hawakuwa nacho.

Kurekodi tulirekodi Radio Tanzania, barabara ya Pugu. Santuri hazikutengenezwa kwetu. Zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977. Kwa hiyo redio ya taifa ndiyo ilikuwa studio yetu na jukwaa letu kwa nchi nzima. Maneno ya nyimbo yalipelekwa kwanza yakasomwa. Siku ya kurekodi mlipiga wote kwa pamoja, tangu mwimbaji hadi mpiga tumba, na mmoja akikosea mnarudi mwanzo wote. Mimi nilikosea mara mbili katika wimbo wangu wa kwanza. Mara ya tatu kiongozi hakunitazama kabisa, aligeuka akatazama mlango, na nikapiga sawa. Wiki chache baadaye nilikuwa ndani ya basi la Kariakoo, wimbo ukapigwa redioni, na mama aliyeketi karibu nami akawa anaugonga ule mstari wangu kwa kidole juu ya kikapu chake cha samaki. Sikumwambia kitu.

Yapo nisiyoyapenda katika enzi ile, nami nayasema. Tulitakiwa kuimba sifa: za chama, za viongozi, za kampeni ya mwaka huo. Nyimbo kama hizo tulizipiga nyingi. Nyingine zilitungwa kwa haraka asubuhi ili zipigwe jioni, na hakuna anayezikumbuka. Anayelipa huwa anataka kusikia jina lake, na serikali ikilipa lazima uwekwe ukuta kati ya mwenye fungu na mwenye wimbo. Lakini katika usiku huo huo, baada ya wimbo wa sifa, tulipiga nyimbo za mume aliyetelekeza watoto, za mtu aliyehamia mjini akasahau kwao, za ndugu wanaogombea urithi kabla ya arobaini. Hizo ndizo watu walizozifuata Amana na DDC Kariakoo, na ndizo zinazopigwa TBC mpaka leo. Zilitungwa na watu waliolala wakijua mwisho wa mwezi kuna mshahara.

Turudi kwenye mkutano.

Mwaka 1992 mashirika ya umma yalikuwa yamezama kwenye madeni na mabadiliko ya uchumi yalikuwa yamefika mlangoni. Kila shirika lilitakiwa lijipime: libaki, liuzwe, au lifungwe. Tukaitwa watu wanne: kiongozi, mpiga besi, mwimbaji mkubwa, na mimi, ambaye kwa wakati huo nilikuwa nasimamia vyombo vya kupuliza. Upande wa pili walikaa watano. Mhasibu alifungua kitabu chake akasoma matumizi ya bendi kwa mwaka: mishahara, mafuta ya lori, ukarabati wa vipaza sauti, posho za safari za mikoani. Kisha akasoma kiingilio. Pengo lilikuwa kubwa na hakuna aliyebisha.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mimi sina ugomvi na muziki. Nauliza tu, bendi hii inalizalishia nini shirika?"

Kiongozi akalitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akalisogeza mezani. Hakuwa msemaji.

"Hii ndiyo kazi yetu, Ndugu Mhasibu. Miaka kumi na mitatu. Walioingia humu hawajui, na walipokwenda walipotoka humu."

Mhasibu akalichukua. Alilisoma kweli, akafunua kurasa nyingi, akatabasamu alipofika mahali fulani, kwa sababu naye alikuwa mtu wa kucheza Jumamosi na majina yale aliyajua. Katika daftari kulikuwa na watu zaidi ya arobaini walioingia kwa nyakati mbalimbali. Wengi walikuja wakiwa watupu kama mimi, na kutoka kwetu walikwenda kupiga bendi nyingine za mjini, Zanzibar, hata Nairobi. Akalifunga, akalirudisha taratibu.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini sisi kazi yetu ni kusafirisha mizigo."

Kwa miaka mingi nilimchukia mtu yule kwa sentensi ile. Sasa naona alisema kweli. Shirika la mizigo halikuwa mahali pa kufundishia tarumbeta. Kosa halikuwa lake. Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, nchi ikiwa jamhuri ya siku moja, alikuwa amesema wazi kwamba utamaduni ni roho ya taifa na kwamba wakoloni walitufanya tuuonee haya. Maneno yalikuwa mazito na sisi tuliyaamini. Vikaanzishwa vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Baadaye, mwaka 1981, kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambapo Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka kwao na zeze na ilimba, alifundisha akiwa mtumishi wa umma, na dunia ikamjua akiwa hapo hapo. Huko fungu lilikuwepo, hata kama lilikuwa dogo. Lakini muziki wa dansi, ambao ndio uliobeba umati wa watu kila wiki, serikali iliulipia kwa mlango wa nyuma, kupitia vitabu vya bima, mabasi, na mizigo. Hakukuwa na mstari katika bajeti ya nchi ulioandikwa kwamba hii ni mishahara ya wapiga vyombo. Baraza la Sanaa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lilipewa kukuza, kusajili na kusimamia. Mishahara yetu ilibaki kule kule kwenye mashirika. Basi mashirika yalipoanguka, tulianguka nayo. Hakuna aliyekata shauri kuuacha muziki. Haukuwa umeandikwa popote, ukasahauliwa.

Haya ndiyo niliyoshindwa kuyasema siku ile, kwa sababu nilikuwa sijayaelewa. Ningeyajua, ningemwambia mwenyekiti asitufunge kabla ya kumwandikia waziri kwamba hapa kuna watu kumi na saba na vyombo vyao, wenye ujuzi uliogharimiwa na umma kwa miaka kumi na mitatu; wapokee. DDC waliwapokea wana Sikinde mwaka 1983. Iliwezekana mara moja.

Siku hizi upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaowakopesha wasanii, na ninaushukuru kwa sababu unawafaa wenye kazi iliyokwisha iva: mwenye filamu ya kumalizia, mwenye studio anayetaka kununua mashine. Lakini mkopo una siku ya marejesho. Kijana wa Temeke hawezi kwenda kukopa ili apulize noti moja miezi sita. Akifanya hivyo, mwezi wa saba anauza godoro. Anachohitaji ni chumba, chombo, mtu wa kumfundisha, na chakula cha mchana, na vitu hivyo havirudishi riba. Ukiingia Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, utakuta watoto wanasoma bila kulipia kila ukurasa, na sijasikia mtu akiitaka maktaba ionyeshe faida ya mwezi. Chumba cha muziki katika kila halmashauri, chenye vyombo vyenye namba za mali na mwalimu mwenye mshahara, ni kitu cha aina ile ile.

Na serikali yenyewe inajua. Vyombo vya gwaride havikuuzwa hata katika miaka ile mibaya kabisa. Polisi wana bendi, jeshi lina bendi, magereza yana bendi, na kila sherehe ya taifa tarumbeta zinang'aa uwanjani, midomo imekaa sawasawa, kwa sababu kuna mtu aliyelipwa miaka mingi ili midomo ile ikae. Kwa ajili ya gwaride la saa mbili tunaelewa kabisa kwamba sauti ile haiji bure. Ninaomba uelewa huo huo uende kwenye muziki ambao mwananchi anauhitaji siku nyingine zote za mwaka.

Bendi ilifungwa mwaka ule ule. Wanamuziki tulilipwa kiinua mgongo kidogo. Vyombo vikaorodheshwa pamoja na viti, taipureta na feni, vikauzwa kwa mnada wa jumla, na sisi hatukuruhusiwa kuchagua kimoja kimoja. Nilikuwa nimepanga kununua tarumbeta yangu. Aliyeshinda fungu lile alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu na samani, na alitaka feni. Lori lilivibeba Jumatano jioni, na mpira wa baiskeli niliokuwa nimeufunga upya wiki ile ulikuwa bado upo kwenye kitufe cha mate.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Sikuwa na sababu ya kwenda, lakini saa tatu asubuhi nilikuwa pale. Ghala lilikuwa wazi, misumari ya kutundikia nyuzi ikiwa bado ukutani. Mpiga besi alikuwa ameshafika. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakaketi kwenye mabenchi ambayo mnada haukuyataka. Kiongozi akaingia, akasalimia, akahesabu, akalifungua daftari. Kisha akaanza kugonga mguu taratibu, na mwimbaji akaanza, na mpiga besi akaimba besi yake kwa mdomo, na ilipofika zamu yangu nikaimba mstari wa tarumbeta, ule wa kwanza kabisa, nikitazama ukuta. Tulikwenda hivyo mpaka saa saba.

Ndiyo ukurasa wa mwisho wa daftari. Wino wa bluu. Majina kumi na saba, na kila jina lina vema.